Jina Nililolipandisha Mlimani

Wifi yangu Stumai alipanda lori akiwa amekumbatia mto wa kulalia. Alisema makalio yake yaliteseka vya kutosha zamani za foleni za sukari, na kwa kuwa sasa maduka yamejaa tena, hataki kukaa pagumu mpaka afe. Dereva alicheka. Lori lilikuwa tupu, linapanda kuchukua mbao, na chini kulikuwa na bati lenye misumari iliyojitokeza. Yule dereva alishuka, akatafuta gunia, akalikunja mara mbili na kulitandika ili na sisi wengine tukae. Hatukuwa tumemwomba.

Sisi wengine tulikuwa mimi na Simaloi, mke wa kijana wangu. Tulitoka nyumbani kwetu Same alfajiri, kwenda kwenye msitu wa ukoo wa marehemu mume wangu, ambako kuna tao la jiwe. Nilikuwa nakwenda kumwita kijana wangu.

Niseme maana yake. Katika ukoo ule, mtu akisafiri na habari zake zikikatika, jina lake halitajwi tena nyumbani. Linatunzwa. Anaitwa yeye, au kijana, au yule wetu. Siku mama yake akichoka kungoja, anapanda hadi kwenye tao la jiwe pamoja na mke wa huyo aliyepotea na shangazi yake. Anasimama mbele ya tao na kuliita lile jina mara moja, kwa sauti yote aliyo nayo. Kisha wanarudi nyumbani na kumlilia kama mtu aliyezikwa. Nguo zake zinagawiwa, na mkewe anakuwa huru kuolewa. Ni mama peke yake anayeweza kuita. Asipoita, hakuna wa kumlazimisha, lakini mke naye anabaki anangoja.

Kijana wangu aliondoka wakati mashamba ya mkonge yalipoanza kupunguza watu. Mwanzoni habari zililetwa na watu wa treni: ameonekana Korogwe, ameonekana Morogoro, hajambo, amenenepa. Wakati mmoja mchukuzi wa mizigo alituletea kutoka kwake mche wa sabuni. Siku hizo sabuni ilikuwa haionekani, tulikuwa tunafua kwa majani ya mpapai. Tuliukata ule mche kwa uzi, tukawagawia na majirani. Baada ya hapo watu wa treni walianza kutikisa kichwa tu walipotuona stesheni, na mwisho tukaacha kwenda.

Mimi moyoni sikuamini kwamba amekufa. Lakini nilikuwa namwona Simaloi. Alikuja kwetu akiwa binti wa kucheka, binti wa wafugaji wa nyikani, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka mbali. Hawakuwahi kupata mtoto kabla mumewe hajaondoka. Mwaka baada ya mwaka sauti ile ilipungua. Alikuwa anafagia uani taratibu kama mtu anayeogopa kuamsha mgonjwa. Nikajiambia, Raheli, huyu mtoto wa watu anakauka kwa sababu yako. Kwa hiyo Stumai aliponijia na kusema, "Wifi, wakati umefika," nilikubali.

Mchungaji wetu alipata habari. Mambo ya tao si mambo ya kanisa, na nilidhani angenikataza. Alinikuta sokoni, akanisalimia, akasema wiki ile yote atakuwa anazungukia wagonjwa upande wa Mwanga, na hataweza kujua nani yuko wapi. Kisha akaniambia nibebe sweta.

Lori lilitushusha barabara ilipoishia. Kulikuwa na nyumba chache na migomba, na mwanamke mmoja alikuwa ameinamia jiko akichemsha magimbi. Alitutazama: mama, shangazi, na mwanamke kijana. Alijua. Hakuuliza tunakwenda wapi. Alifunga magimbi ya moto kwenye jani la mgomba, akampa Simaloi.

"Yashikeni mikononi kwanza," alisema. "Kule juu kuna baridi. Mtayala baadaye."

Tukaingia msituni.

Simaloi hakuwa amewahi kuingia kwenye msitu wa namna ile. Alikuwa amevaa shuka yake nyekundu na shanga zake shingoni, na kila tawi lilizikamata. Miti ya mikulo ilikuwa minene, imevaa kuvu la kijani mpaka juu, na kutoka kwenye matawi zilining'inia ndevu za kijivu zilizolowa maji. Jua halikuwepo. Kulikuwa na mwanga tu, usiojulikana unatoka wapi.

"Shangazi, huku mtu anaangalia wapi?" Simaloi aliuliza. "Kwetu ukisimama unaona mpaka kesho. Huku sioni hata mkono wangu unakwenda wapi."

"Huku mtu anaangalia miguu yake," Stumai alijibu. "Kwanza nani alikwambia uje na mashanga yote hayo? Unamchumbia nyani? Mmasai msituni ni kama samaki juu ya mti."

"Na shangazi mlimani ni kama ng'ombe kwenye ngazi."

Stumai alisimama, mto wake kwapani, akihema. Nilidhani atakasirika. Alicheka mpaka akashika mti.

"Umesikia, wifi? Kumbe ana mdomo! Miaka yote hiyo ameuficha wapi?"

Mimi pia nilishangaa. Ilikuwa muda mrefu tangu nimsikie Simaloi akitania.

Kisha ukungu ukaja. Haukushuka kutoka juu kama mvua. Ulitokea kati ya miti, polepole, kama watu wanaotoka ibadani, ukatupita, mwingine ukafuata. Stumai aliyekuwa mbele akawa kivuli. Simaloi aliyekuwa nyuma akawa mlio wa shanga. Sikujua tena kama tumetembea asubuhi nzima au kidogo tu. Miguu ilikwenda yenyewe. Mbega walikuwa wanaruka juu yetu, weupe na weusi, na sikusikia matawi yakivunjika. Nilisikia maji yakitembea mahali fulani chini ya mizizi, yakisema na kunyamaza, yakisema na kunyamaza.

Ndani ya ukungu ule nilianza kumwona kijana wangu. Sikuogopa. Nilimwona akiwa mdogo, amevaa kaptula ya baba yake iliyofungwa kwa kamba, anatangulia njiani na kujificha nyuma ya mti ili anishtue. Nilifika kwenye mti, hakuwepo. Nikamwona tena mbele, amekua, anatembea kwa kuinamisha bega moja kama alivyozoea. Jina lake nilikuwa nimelibeba mdomoni kama mtu anayebeba maji mdomoni, asiyeweza kuyameza wala kuyatema. Kila hatua niliogopa litanitoka kabla ya mahali pake.

Tulipofika kwenye kijito, mawe yalikuwa na utelezi. Mkono wa Simaloi ulitoka kwenye ukungu ukashika wangu, wenye joto la magimbi. Alinivusha, halafu akarudi kumvusha Stumai, halafu akarudi tena kuuchukua ule mto ambao Stumai alikuwa ameuacha ng'ambo. Nami nilimtazama nikawaza: leo ninamwachilia mtu huyu.

Siku hizi wajukuu huniuliza tao lile ni kubwa kiasi gani. Huwa nawaambia, nyumba mbili zingepita chini yake zikiwa zimebebana. Ni jiwe moja, limetoka ardhini upande huu, likapinda juu na kurudi ardhini upande ule, na juu yake miti imeota kana kwamba haijaambiwa kwamba chini ni wazi. Jiwe lenyewe ni la mchanga. Ukilipitisha kiganja, punje zinabaki mkononi, za rangi ya unga wa mtama. Chini yake kuna mchanga mlaini kama wa ufukweni, ambao huuoni mahali pengine popote katika mlima ule. Na ukungu ulikuwa unapita kwenye tao, wote, kana kwamba msitu mzima unavuta pumzi kupitia pale.

Tulisimama. Stumai aliweka mto wake chini na kuuacha.

"Haya, wifi," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, sikuwahi kuisikia hivyo. "Tuko nyuma yako. Chukua muda wako."

Nilikwenda mbele peke yangu mpaka miguu ikazama mchangani. Nikavuta pumzi. Nikafungua mdomo. Jina lilipanda kutoka tumboni, likafika kooni, likafika kwenye meno. Nilijiambia, ni kwa ajili ya Simaloi. Na kwa kuwa nilikuwa nafanya kwa ajili yake, nilitaka nimwone uso kwanza, ili uso wake unipe nguvu. Haitakiwi kugeuka kabla ya kuita. Niligeuka.

Simaloi alikuwa ameziba masikio kwa mikono yote miwili. Alikuwa amefumba na macho, kama mtoto anayengoja radi.

Nikafunga mdomo.

"Simaloi," nilimwita. Hakusikia. Nikamwendea, nikaushusha mkono wake mmoja. "Unafanya nini, mwanangu?"

"Sitaki kusikia, yeyo." Yeye huniita yeyo, ndivyo kwao wanavyomwita mama. "Wewe ita. Mimi sitaki tu kusikia."

"Lakini naita kwa ajili yako."

Akafumbua macho. "Kwa ajili yangu?"

"Ili uwe huru."

"Mimi nimekuja kwa ajili yako, yeyo. Shangazi alisema umechoka, unataka kumlilia upumzike. Nikasema, kama yeyo anataka kulia, sitamwacha aende kulia peke yake."

Tukamgeukia Stumai. Alikuwa anatazama juu ya tao, anachunguza miti kama mtu aliyetumwa kuihesabu.

"Wifi," nilisema.

"Msinitazame hivyo! Ningefanya nini? Mnakaa nyumba moja kama wageni wawili wa gesti, kila mmoja anampisha mwenzake mlangoni. Karibu, tangulia wewe, hapana, tangulia wewe. Nikija nasikia ukimya mpaka masikio yanawasha. Kila mmoja nikampa sababu ya kutembea. Mngekaa vile mpaka mzeeke!"

Nilikaa chini, palepale mchangani, na Simaloi akakaa karibu yangu. Niliona jambo lilivyokuwa. Kwa sababu jina halitajwi, hatukuwa tumewahi kumzungumzia. Hata siku moja. Ungeanzaje, bila jina? Yeye aliona nimenyamaza, akadhani ni uchungu wa mama usiotakiwa kuguswa. Mimi nilimwona amenyamaza, nikadhani anasubiri nimfungulie. Tulikuwa tunalizunguka jina lile ndani ya nyumba kama chungu kilichowekwa katikati ya sakafu, kila mtu akiinua miguu.

"Unadhani yu hai?" nilimuuliza.

Simaloi alichota mchanga, akauachia upite kati ya vidole. "Sijui, yeyo. Asubuhi nadhani yu hai. Jioni sijui."

"Mimi ni hivyo hivyo. Ila kwangu ni kinyume. Jioni ndiyo namsikia anakuja."

Ukungu ukatupita. Kisha akasema, akiwa ameutazama mchanga, "Yona ameniomba."

Yona ni fundi baiskeli. Alitoka Singida kuja kufanya kazi ya mkonge, na kazi ilipokwisha akabaki pale Same na kibanda chake karibu na soko. Alikuwa anatuletea madumu ya maji kwa baiskeli, na mimi siku zote nilidhani ni kwa sababu ya umri wangu.

"Amekuomba lini?"

"Kabla ya vuli. Nikamwambia hapana, yeyo hana mtu mwingine."

"Naye akasemaje?"

"Akasema sawa, ameelewa. Kesho yake akaleta maji kama kawaida."

Nilikaa na maneno hayo. Kama kawaida. Mtu amekataliwa, na kesho yake anapanda kilima na madumu manne.

"Unamtaka?"

Akainamisha kichwa. "Mwanamke hasemi hivyo mbele ya mama wa mume wake."

"Hapa hakuna mtu. Kuna jiwe."

"Na mimi nipo," Stumai alisema.

"Wewe geuka."

Stumai akageuka, akatupa mgongo wake mpana.

"Namtaka, yeyo," Simaloi alinong'ona. "Ananichekesha. Lakini simtaki kama lazima kwanza umzike mwanao, na wewe hujui kama amekufa. Nikiolewa hivyo, kila nikicheka nitaona mdomo wako pale, umefunguka, unaita."

Hapo nilijua kwamba sitaita. Si siku ile. Labda siku nyingine yoyote pia. Lakini pia nilijua kwamba siwezi kurudi na huyu mwanamke Same, akaendelea kufagia uani vile.

"Wifi, geuka tena," nilisema. "Nataka kukuuliza jambo la ukoo. Mke wa mwanangu hawezi kuolewa mpaka nimwite mwanangu. Sawa?"

"Sawa."

"Na binti wa nyumba yangu anaozwa na nani?"

"Na shangazi yake. Yaani mimi. Wewe unalia tu na kupika."

"Basi huyu ni binti yangu. Mwoze."

Stumai alitikisa kichwa. "Mila hiyo haipo, Raheli."

"Kwa nini haipo?"

"Kwa sababu binti ni wa kuzaliwa! Au wa kuokotwa mdogo, akalelewa. Huyu umemlea lini? Alikuja na mabega kama hayo!"

"Na mimi nani alinivusha kijito? Na mto wako nani aliurudia?"

Stumai akautazama mto. Akavuta kanga yake mabegani. Niliona anafikiri kweli, kwa sababu Stumai huzungumza mfululizo na akifikiri hunyamaza. Mbega mmoja aliruka juu ya tao, manyoya yake meupe yakafunguka na kufungika.

"Mtoto akiletwa kwenye ukoo," alisema mwishowe, "shangazi ndiye anayempa jina. Hilo lipo. Halijasema mtoto awe na urefu gani." Akamnyooshea Simaloi kidole. "Anayeondoka tunamwita kutoka upande huu. Wewe nenda upande ule. Pita chini ya tao, usimame mpaka nikuite. Nikikuita, itika, uje. Ukichelewa nitaanza kula magimbi, na siwezi kuahidi kitakachobaki."

Simaloi akanitazama. Nikamwashiria kwa kichwa.

Akaenda. Shuka nyekundu ikawa nyekundu hafifu, halafu ya waridi, halafu ukungu ukamfunika kabisa. Shanga zake zilisikika kidogo, zikanyamaza. Kwa muda ule, sijui ulikuwa mrefu kiasi gani, tao lilikuwa tupu, nami nilikuwa nimezoea watu wanaokwenda na kufunikwa.

Stumai aliweka mikono kinywani.

"Namkunda!" aliita.

Lilikuwa jina la mama yake, mama mkwe wangu, aliyenifundisha kupika makande nilipokuja bibi harusi na kuyaunguza. Jiwe lililichukua jina lile, likalizungusha na kulirudisha mara nyingi, laini zaidi kila mara.

"Abee!"

Ile sauti! Ilikuwa ya kuita ng'ombe kutoka mbali. Iliujaza msitu wote. Ndege waliruka. Na nyuma ya sauti akaja mwenyewe, kwanza wekundu, kisha umbo, kisha uso uliolowa, anakimbia mchangani bila kutazama miguu yake. Nilimpokea kifuani. Stumai alitukumbatia sote wawili, akasema tumembana, ilhali yeye ndiye aliyebana.

Tulikula magimbi chini ya tao. Kisha wenzangu walisogea kando kidogo, wakajifanya wanafunga mizigo, ili nibaki peke yangu. Nililitazama lile lango la ukungu na kuzungumza na kijana wangu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anavyozungumza na aliye chumba cha pili. Nilimwambia sabuni imerudi madukani. Nilimwambia bati la jikoni limezibwa. Nilimwambia, mkeo ni dada yako sasa, na ukirudi usigombe na mtu, ugombe na mimi. Nilimwambia ninamngoja bado, na kwamba sasa nitangoja mimi tu, nina nafasi ya kutosha. Jina sikulitaja. Ukungu ulipita kama ulivyokuwa unapita.

Lori la mbao lilituleta chini jua likiwa bado juu. Kila kitu Same kilikuwa kikali na wazi: vumbi, redio, marundo ya nguo za mitumba sokoni, watu wakipekua. Nilikuwa na matope mpaka magotini. Sikutaka kwenda nyumbani kwanza.

Yona alikuwa amepindua baiskeli ya mtu, anafunga mnyororo. Alipotuona alisimama haraka.

"Shikamoo mama. Shikamoo shangazi."

"Marahaba," nilisema. "Yona, nimesikia ulimwomba binti yangu, na hukuniambia."

Akamtazama Simaloi, akanitazama mimi, akayatazama matope. "Binti... mama, mimi nilijua ni mke wa..."

"Ni binti. Muulize shangazi yake."

"Ni binti," Stumai alisema, akiwa ameshakalia mto wake juu ya kreti ya soda. "Na mimi ndiye ninayemwoza. Kwa hiyo anza kunizoea."

Yona alitaka kunipa mkono, akaona mikono yake ni myeusi kwa grisi, akaifuta kwenye suruali, ikazidi. Basi akakunja kiganja na kuninyooshea kifundo cha mkono, palipo safi, kama mtu anavyofanya anapomheshimu mwingine. Nami sikukishika hapo. Niliteremsha mkono wangu, nikamshika kiganja chenyewe, na grisi yake yote.